Kasri Nililofika kwa Mdomo

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo Madam amesema! Kasema mwenyewe, ndani ya gari, tukitoka kwa daktari wa magoti. "Taib, mwaka huu nakuchukua Ufaransa."

Nusura niipite taa nyekundu. Mimi, niliyewaendesha wakubwa wa kila namna katika mji huu wa Dubai, mmoja wao akinipigia simu asubuhi kuniuliza avae kanzu gani — nikakanyaga breki kama mwanagenzi. Nikasema hewala Madam. Basi. Nikawasha kiashirio cha kushoto na huku tunakwenda kulia.

Naandika hapa kwa kuwa daftari hili halina mdomo. Kwa rafiki zangu wa kafteria ya Ras Al Khor, mtaa wa magereji, mimi kwenda Ufaransa si habari. Wao wanajua naenda kila mwaka, mwezi wa Saba, na kasri la Madam nalijua kama kiganja changu. Shamba la Wafaransa wa kale, jumba la mawe lililojengwa enzi za wafalme, mnara wa njiwa, bustani ya matufaha, na nyumba ndogondogo ambazo wageni hukodi kwa wiki. Nimewaeleza mambo yote hayo, na zaidi. Jiko la kuotea moto la ukumbini, nimewaambia, unaweza kuegesha gari la Patrol ndani na milango yake ikafunguka.

Kwa miguu sijafika. Hilo ndilo jambo dogo lililobaki.

Kila kiangazi Madam Ghada huondoka na Kibibi, yule dada wa Tanga anayempikia, na mimi naachiwa nyumba ya Rashidiya niilinde. Na nailinda hasa, maana sitoki! Nitatokaje na mimi niko Ufaransa? Mkate nanunua alfajiri kwenye duka la kule nyuma ya msikiti, ambako hakuna anayenijua, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Mwezi mzima. Kibibi akirudi huniletea sabuni zinazonukia maua, na hadithi za kule jioni baada ya jioni, nami vyote viwili navipeleka kafteria: sabuni na hadithi. Sabuni nazigawa kama zilivyo. Hadithi naziongezea maji kidogo zifike kwa wote.

Nilipomwambia Kibibi kwamba mwaka huu naenda, alicheka mpaka akaushika mlango wa friji. Kasema, "Anko, sasa itabidi ukayaone yale uliyokwisha kuyaona."

Mwache acheke. Nimeshachagua suti.

Jumanne, 6 Mei 2025

Khalas, yamekwisha. Mambo yameharibika.

Raed amekuja leo kumtazama mama yake. Raed ndiye mwanawe wa pekee, mtu wa ofisi huko Silicon Oasis, mwenye adabu, lakini mkono wake na simu havijawahi kuachana. Kakaa na Madam barazani wakizungumza Kiarabu, ambacho miaka ya hapa imenifundisha kukisikia. Mimi nilikuwa nafuta kioo cha dirisha — kioo ambacho nilikwisha kukifuta.

Anataka kasri liuzwe. Paa linavuja, bomba zimezeeka, ngazi zina vidato virefu na magoti ya mama ndiyo hayo. Mwaka huu hakuna safari, kasema. Lisipouzwa, litafungwa kwanza mpaka paa litengenezwe, na litakapofunguliwa ni Mungu ajuaye. Tangazo kwenye mtandao amekwisha kulitia.

Madam hakubisha. Hilo ndilo lililoniumiza. Ameuliza tu, na Mama Odile je? Mama Odile ni yule bibi wa Kifaransa anayelitunza shamba, mzee kuliko mlango wake. Raed akasema Mama Odile atapumzika, kastahili. Madam akasema na yeye ndiye atakayepumzishwa wa pili, naona. Raed akacheka, akadhani ni mzaha.

Raed kiumbe mwema. Ila kule hajakanyaga tangu aoe. Hajui hata nani huenda na nani hubaki.

Suti nimeirudisha kabatini. Sikuitoa kwenye hanga.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Baada ya swala nikaenda kafteria kama kawaida, kumbe nimeingia mtegoni.

Wahid ni wa Mombasa, anauza vipuri vya magari mtaa wa pili. Matia ni wa Moshi, fundi wa gia, mikono myeusi kwa grisi hata Jumapili akienda kanisani. Hao ndio rafiki zangu na ndio wasikilizaji wangu. Leo Matia alikuwa na simu mezani, na ndani ya simu, kasri! Picha zaidi ya ishirini. Jumba la mawe, mnara, nyumba za wageni zenye mizabibu ukutani. Linauzwa, kasema. Hili si ndilo lako, Mfaransa? (Ndivyo wanavyoniita.)

Nikasema nipe niione hiyo picha, wameipiga upande mbaya.

Wahid akaanza. Bro, show me, dirisha la chumba chako ni lipi? Nikasema la tatu kutoka mnarani. Matia akaivuta picha, akasema la tatu lina vyuma, hiyo ni stoo. Nikamwambia vyuma ni kwa usalama wangu, wafalme ndivyo walivyolala. Akauliza sasa jiko lile la kuegesha Patrol liko wapi, maana hapa naona jiko la kuchomea mbuzi mmoja, tena awe amekonda. Nikasema picha hukondesha. Mwenye kafteria, Mmalabari wa India asiyejua neno letu hata moja, naye akacheka kwa kuona sisi tunacheka.

Halafu Matia akauliza bila kucheka. Likiuzwa, mwezi wa Saba utakuwa wapi, anko?

Nikainywa chai ya karak yote kwa mkupuo. Nimeungua ulimi mpaka sasa.

Jumatano, 14 Mei 2025

Madam hataki radio kwenye gari.

Leo kanihadithia jambo bila mimi kuuliza. Madam alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa msichana, na Kiswahili chake bado kimenyooka kuliko changu. Kwa Raed huzungumza Kiarabu. Kiswahili anakiweka kwa ajili yangu na Kibibi. Kasema marehemu mumewe, Bwana Mubin, hapa Dubai hakuwa na pa kukaa bila watu kusimama kwa heshima. Akiingia mahali, watu wima. Kule shambani alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha jiko na Mama Odile, beseni katikati, wanamenya njegere, kila mmoja na lugha yake, hakuna anayejali yeye ni nani. Kasema, "Nilimwona akicheka kule tu."

Mimi njegere hizo nilizijua kwa Kibibi. Kafteria niliwaambia ni lulu.

Raed kapata wanunuzi. Wanakuja Jumamosi.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Nina mengi. Kaa vizuri, daftari.

Wanunuzi ni Bwana Fergus, Mwairishi mrefu mwenye ndevu nyekundu, na mkewe Una. Wameishi Dubai miaka, watoto wamekua, wanataka kwenda kufungua nyumba ya wageni mashambani. Watu wazuri. Hilo lilinikera zaidi. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, mke akampa Madam maua kwa mikono miwili.

Kibibi kapika sambusa na kaimati, mimi nikawa wa kumimina kahawa. Raed akafungua kompyuta na kuanza kusema: karne ya kumi na saba, ekari kadha wa kadha, nyumba za wageni nne. Bwana Fergus anasikiliza, lakini macho yanatembea. Mwishoni akamgeukia Madam, akasema kwa Kiingereza kwamba hayo ameyasoma, yeye anataka kujua habari za nyumba. Nyumba ina nini?

Madam akanyanyua kidole, akanionesha mimi. Kasema kwa Kiingereza chake cha taratibu: mwulizeni Taib. Anayejua nyumba ile ni Taib.

Kibibi alikuwa anaingia na sinia. Sinia lilitikisika.

Sasa hapa nitajisifu, na ni haki yangu. Mtu mwingine angebabaika. Mimi niliweka dele la kahawa chini, nikakaa kitako, na hapo hapo nikaiona njia ya kuwafukuza. Nani atanunua nyumba yenye mwenyewe asiyeonekana? Kwetu Malindi kuna nyumba nzuri ya ghorofa, upepo wa bahari saa zote, na mpaka leo haina mpangaji kwa sababu paka mmoja tu aliwaambia watu "karibu ndani". Mmoja tu! Wenye nyumba wamekwisha kushusha kodi mpaka wamekata tamaa. Nikasema huyu Mwairishi leo atavaa viatu vyake mbio.

Na viatu ndivyo vilivyonipa hadithi. Kibibi aliwahi kunieleza kwamba Mama Odile hufagia vizingiti vya wageni kabla hawajaamka, na kila jozi ya viatu anayoikuta huigeuza, ncha zitazame nje, mtu avae bila kuinama. Adabu ya kizee tu. Mimi nikaichukua adabu ile nikaivisha nguo nyingine.

Nikasema kwa Kiswahili, Madam akifasiri. Nikasema: kule kuna jini. Wa kike. Wa nyumba ya wageni ya tatu, ile iliyo karibu na mnara. Kwa macho humwoni. Unalala usiku, mlango umeufunga kwa ufunguo, viatu umeviacha kizingitini vikitazama ndani. Asubuhi unavikuta vimegeuzwa. Vyote! Vinatazama barabarani. Maana yake: mgeni, kwenu.

Nilitua hapo nimpe Madam nafasi ya kufasiri. Nilijua mambo mawili yanaweza kutokea: anifukuze kazi, au anyamaze. Madam ni mwenyewe wa ile nyumba. Kalala mle viangazi vingapi!

Kafasiri yote. Uso mkavu kama anasoma taarifa ya habari. Halafu — Kiingereza changu si cha kuombea kazi, lakini hili nililishika — akaongeza! Kasema na usiku anakohoa. Kasema na marehemu mume wangu alimsikia mara mbili, hakutaka kuwatisha watu.

Nikamtazama. Hakunitazama. Alikuwa akichagua kaimati.

Basi nikapata nguvu ya watu saba. Nikaongeza kwamba jini huyo ni wa tangu wafalme, alikuwa mshonaji wa malkia, akanyimwa viatu vyake siku ya kufukuzwa, ndiyo maana hana raha na viatu vya watu. Madam akaongeza kwamba hapendi wageni wanaovuta sigara. Nikasema kuna jenerali alilala mle, asubuhi akatoka na soksi. Madam akasema na farasi wake hakuonekana tena. Kibibi akakimbilia jikoni, tukasikia maji ya bomba yamefunguliwa kwa nguvu.

Raed alikuwa amegeuka rangi ya maziwa. Mama, mama, akasema kwa Kiarabu, haya umeyatoa wapi?

Nikamgeukia Bwana Fergus nione anavyoinuka.

Hakuinuka. Kamshika mkewe mkono. Macho yote mawili yamejaa maji ya furaha, kama mtu aliyepigiwa simu kwamba kajaliwa mjukuu. Kasema kwao Ireland hoteli yenye mzuka hupati chumba mpaka mwaka upite. Watu hulipa zaidi kulala naye chumba kimoja! Mkewe akauliza kama jini huyo ana jina.

Madam akaniangalia, sasa ndiyo akaniangalia. Kaimati ilikuwa imeganda mkononi mwake.

Nikasema anaitwa Bi Kisigino. Nifanyeje? Lilikuja lenyewe.

Jumapili, 18 Mei 2025

Raed kanipa mkono leo! Mkono kabisa, kanishika na bega. Kasema baba yake alikuwa na jicho la kuchagua watu. Bwana Fergus kampigia usiku, wanakwenda kulitazama kasri mwisho wa mwezi, na mkewe amekwisha kuchora kibao cha nyumba ya tatu, kiatu kilichogeuka.

Madam hakushuka kwa chai. Nikamkuta Kibibi anakuna nazi kwa hasira, mbuzi wa watu analia. Kasema hongera anko, umewafukuza vizuri. Kasema ungekwenda wewe mwenyewe na kalamu ukawasainia.

Nilimjibu kwamba hata mganga dawa hukataa siku moja. Akasema mganga huwa amesoma.

Mimi nimesoma! Nilifika darasa la sita, na mwalimu akikwama alikuwa akinitazama mimi.

Ijumaa, 23 Mei 2025

Kafteria. Sikutaka kwenda, miguu ikanipeleka.

Wahid kaona tangazo limeandikwa "mazungumzo yanaendelea". Akasema pole kidogo, kisha akaharibu kwa kuuliza sabuni za mwaka huu zitatoka wapi sasa, ya mwisho mkewe kaibakisha kipande kwa ajili ya wageni. Matia akamwambia anyamaze. Matia akininyamazishia watu ndiyo najua hali ni mbaya.

Nikawaambia nyumba za namna ile haziuzwi zikauzika. Zina wenyewe. Matia akauliza wenyewe kina nani. Nikaanza habari za Bi Kisigino, na wallahi nilimaliza kafteria nzima imenigeukia, madereva wa malori wa Kipathani kutoka Pakistani nao wakifasiriwa na mtu. Wahid akaviangalia viatu vyake chini ya meza.

Nilikuwa na furaha mpaka nilipofika kwenye gari.

Alhamisi, 29 Mei 2025

Bwana Fergus na mkewe wamefika kasrini jana. Leo asubuhi wamepiga simu ya picha. Raed akaiegemeza simu kwenye bakuli la tende, tukajipanga: Madam katikati, Raed kulia, mimi kushoto. Kibibi nyuma ya simu, ambako wao hawamwoni, anakunja nguo. Eti anakunja nguo.

Nikaliona. Si picha ya tangazo. Lenyewe, linatembea. Mawe yana rangi ya maandazi. Njiwa wanaruka kweli. Upepo unasikika. Nilisahau kupumua, nikamsikia Madam naye hapumui.

Bwana Fergus akasema, "Taib, we are at the gate. Lead the way!"

Yaani niongoze! Raed akanitazama kwa fahari. Na mimi lango lile mara ya mwisho kuliona ilikuwa ndiyo mara ya kwanza, dakika ile ile.

Nikasema yalla, nyoosha. Kwa jicho la pembeni nikamtazama Kibibi. Kibibi kanyanyua soksi ya Madam kwa mkono wa kushoto, akaitikisa. Nikasema kushoto, Bwana Fergus. Akapita kushoto. Kibibi akaweka taulo kichwani, akainama. Nikasema inama, mlango mfupi. Tukasikia kichwa kimegonga boriti. Kibibi akapiga paji lake kwa kiganja: nimechelewa. Ndivyo tulivyokwenda, soksi na taulo na foronya, tukapita jikoni, tukapita kizingiti chenye beseni la bati limepinduliwa, na hapo Madam akasema kwa Kiswahili, polepole, si kwa mtu yeyote: "Beseni bado lipo."

Kibibi akaacha kutikisa nguo. Nikawaambia wasubiri hapo kidogo, jini hapendi papara. Nilitaka Madam alitazame. Wakasubiri.

Halafu mke wa Bwana Fergus akaichukua simu akakimbia nayo. Njoo uone, njoo uone, anasema. Wamelala nyumba ya tatu. Viatu waliviacha mlangoni vikitazama ndani, makusudi. Akageuza simu. Buti mbili kubwa, raba mbili ndogo. Zote ncha nje! Zimepangwa sambamba kama wanaoswali.

Bwana Fergus ana kilio na kicheko pamoja. Kasema Bi Kisigino kawapokea.

Nyuma yao, mbali kwenye bustani, kibibi kimoja kimepinda mgongo kinapita na ufagio. Kikapunga mkono kwenye simu. Kibibi wetu naye akasahau kuwa hayupo, akampungia. Madam akaweka ncha ya shela mdomoni, mabega yanacheza. Nilidhani analia. Labda vyote viwili.

Wamesema wananunua. Raed kafunga ngumi kwa furaha chini ya meza. Na wana sharti moja, kasema Bwana Fergus, nalo si kwa Madam, ni kwa Taib: kila kiangazi aende. Tiketi, chumba, kila kitu. Awakalishe wageni jioni awahadithie. Bila yeye nyumba itakuwa mawe tu.

Kila kiangazi. Mimi. Kwa miguu!

Nikasema nitafikiri. Sijui nani alisema hivyo kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 30 Mei 2025

Sikwenda kafteria. Nimeitoa suti kwenye hanga, nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo cha gari. Inanikaa vizuri sana, kama waziri. Nimeirudisha.

Jumamosi, 31 Mei 2025

Naandika ndani ya gari, gereji, mlango nimeufunga. Daftari liko juu ya usukani, herufi zinapanda.

Karatasi za mauzo ziko mezani barazani. Raed kaja nazo asubuhi, kalamu juu yake. Kamwita mama yake, kaniita na mimi, kasema nami ni sehemu ya jambo hili. Kibibi kaleta chai.

Madam akakaa. Akaitazama kalamu. Raed akamwuliza kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, mikono yake mitupu leo, simu kaiacha: mama, tuseme ndiyo? Hakumharakisha. Ni mtoto mwema, nimekwisha kuandika.

Madam akakiweka kikombe mezani. Kanigeukia mimi. Kwa Kiswahili kanena, na sauti yake haikuyumba.

"Taib, mwanangu. Nikimwambia la, atasema ni magoti yanasema, ama uzee. Nikimwambia ndiyo, nitakuwa nimesema uongo, na mimi si hodari kama wewe. Mwambie wewe. Utakalosema, mimi nitaitikia kwa kichwa."

Kisha akanyanyua kikombe chake, akanywa, kama mtu aliyemaliza kazi.

Raed ananitazama. Kauliza mama kasema nini.

Nikikohoa tu, likatoka lile neno fupi la kukubali, mwezi wa Saba niko pale. Kweli. Nakaa kwenye ukumbi wa mawe, wageni wa mataifa wamenizunguka, jiko linawaka, nikiingia Ras Al Khor mwezi wa Nane sina haja hata ya kuongeza chumvi. Dirisha la chumba changu litajulikana. Matia nitampelekea picha nikiwa ndani. Nikisema lile jingine, kasri linafungwa kwa ajili ya paa, safari ya mwaka huu hakuna kwa mtu yeyote, na mwakani Mungu ajuaye. Ila beseni linabaki pale kizingitini, na Madam bado ndiye mwenye kasri.

Watu wamenisikiliza miaka yote hii kwa sababu walijua nusu ni chumvi. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananipa neno nilibebe, na atalimeza lolote litakalokuwa.

Nikawaambia naomba dakika moja nikalizime gari. Gari halikuwa limewaka.

Kibibi kanifuata. Anagonga kioo kwa pete. Kasema anko, toka, chai inapoa na watu wamekaa kama kwenye picha. Nimeshusha kioo kidogo. Hakucheka. Kaniuliza sasa utasema nini.

Nimemwuliza kama lile duka la mkate la nyuma ya msikiti, ninaloendea nimevuta kofia, mwezi wa Saba bado hufungua alfajiri.